Jinsi ya kutumia neno "outbreak" bila kulipua kitu

Mi nina kisteshenari hapa Mwanjelwa, kompyuta mbili na printa moja inayotafuna karatasi kila hewa ikiwa na unyevu, na kwa Mbeya hiyo ni kama nusu ya mwaka. Watu wanadhani kazi yangu ni fotokopi na pasipoti saizi, kumbe hela ya kula iko kwenye barua. Mtu anakuja na maelezo yake kwenye daftari au voisi ya WhatsApp, anakaa kwenye benchi, anasema niandikie hii kwa Kingereza.

Sasa kuna mama mmoja wa kule Rungwe, wana kikundi cha kufuga nguruwe, na wana mfadhili wao ng'ambo aliyewasaidia kununua mbegu na kujenga mabanda. Nguruwe wakaanza kufa. Mama akaja na daftari lake limeandikwa "mlipuko wa homa ya nguruwe katika kikundi chetu", mi nikiwa na haraka zangu na foleni ya wanafunzi nyuma yake nikapiga kichwa cha habari kwa herufi kubwa, EXPLOSION OF PIG FEVER, nikatuma. Siku mbili baadae mfadhili kajibu kwa masikitiko makubwa, anauliza watu wangapi wameumia, na je ni ule mtambo wa biogesi ndo uliolipuka? Mama akaniletea simu nimsomee. Nilisoma nikiwa naangalia chini.

Toka siku hiyo nimelifuatilia hili neno "outbreak" kama mtu anayefuatilia deni, na huu ndo utaratibu ninaoutumia mpaka leo. Ukiufuata kwa mpangilio huu hautakosea sana.

HATUA YA 1: Weka "mlipuko" pembeni, shika "kuzuka"

Shida inaanzia nyumbani. Kiswahili cha redio na cha wizara kinasema mlipuko wa kipindupindu, magonjwa ya mlipuko, na wala sio kosa, kila mtu anaelewa. Ila ni neno hilohilo tunalolitumia kwa mtungi wa gesi, kwa bomu, kwa baruti za wachimbaji kule Chunya, na kwa volkano. Mwingereza kagawa mafungu matatu. Kitu kinachopasuka kwa kishindo ni "explosion". Mlima unaotapika moto ni "eruption", na sisi huku tunapaswa kulijua hilo kuliko wengine maana tumezungukwa na volkano zilizolala, Rungwe mwenyewe ni volkano, Ziwa Ngozi limekaa ndani ya shimo lililoachwa na mlima uliopasuka, na Kiejo inasemekana alitapika kama miaka 200 tu iliyopita. Siku Kiejo akiamka ni "eruption", usiandike kingine. Fungu la tatu ndo "outbreak", na hilo halina kishindo chochote ndani yake. Ugonjwa hauna sauti.

Kwaiyo dawa ni hii. Chukua sentensi yako ya Kiswahili, futa mlipuko, weka kitenzi cha kuzuka. Kipindupindu kimezuka, inakaa vizuri kabisa. Moto umezuka, sawa. Vita vimezuka, sawa. Fujo zimezuka uwanjani, sawa. Mtungi wa gesi umezuka? Hapana, huyo aliyesema hivyo kalewa. Mlima umezuka? Labda kwenye hadithi za babu. Ikikubali kuzuka basi uko kwenye njia ya "outbreak", ikikataa rudi kwenye "explosion" au "eruption".

Mi naona ajabu kwamba neno letu zuri namna hii tumeacha kulitumia kwenye mambo ya magonjwa, wakati lenyewe na la Kingereza ni kama mapacha. La kwao limeundwa na kuvunja na nje, kitu kilikuwa kimefungiwa ndani sasa kimevunja kimetoka. La kwetu ni kitu kilikuwa chini hakionekani sasa kimeibuka juu. Picha tofauti, maana ileile.

HATUA YA 2: Pitisha kwenye chujio

Kuzuka peke yake hakutoshi, maana kwa Kiswahili hata vitu vya kheri vinazuka. Umezuka mtindo mpya wa kusuka, limezuka swali, amezuka fundi mmoja pale Kabwe anatengeneza simu kwa buku tano. Hizo sio "outbreak" hata moja. Swali kwa Kingereza lina "arise" yake au "come up", mtindo una "emerge", na fundi wa Kabwe mwache kama alivyo.

Kwaiyo jiulize vitu vitatu: kimeanza ghafla? Ni kibaya? Kinaambukiza au kinasambaa toka kimoja kwenda kingine? Vyote vitatu vikiwa ndiyo, andika. Na hilo la tatu ndo linalowaangusha wengi. Ajali ya basi pale Inyala ni ghafla na ni mbaya ila haiambukizi, kwaiyo "outbreak of accident" hakuna, sema "an accident happened" yatosha. Tetemeko la ardhi hivyohivyo. Matope ya Mlima Kawetere yaliyoshuka yakafunika nyumba kule Itezi Aprili 2024, yale ni "mudslide", na kitenzi chake ni "hit" au "struck". Mafuriko nayo hapana, ingawa hapa mtu anaweza kubisha akasema mbona maji yanasambaa. Yanasambaa kweli, lakini maji ya nyumba ya kwanza hayaambukizi nyumba ya pili, yote yanapigwa na mto mmoja. Moto unaambukiza, banda hili linawasha lile. Hasira kwenye umati wa watu zinaambukiza. Vita vinaambukiza, kijiji kinavuta kijiji. Ukiliona hilo la kuambukiza hautakosea tena.

Kuna vimeo viwili lakini. Ukisikiliza utabiri wa hali ya hewa wa Uingereza utasikia "outbreaks of rain", yaani vipindi vya mvua vya hapa na pale, na mvua sio ugonjwa. Huo ni mdomo wa watabiri wao, usiuige kwenye barua, mvua ya Tukuyu haizuki, haijawahi kuondoka. Na Marekani wana "tornado outbreak", yaani mfumo mmoja wa hali ya hewa unazaa vimbunga vingi ndani ya siku moja mbili, ile ya tarehe 3 na 4 Aprili 1974 ilitoa vimbunga 148. Hapo angalau unaona mantiki, kimoja baada ya kingine kama vifaranga.

Alafu kuna watani, mtu anaandika "an outbreak of common sense" akimaanisha kumbe watu wamepata akili ghafla. Ni utani kwa sababu neno lenyewe linanuka ugonjwa. Mwanafunzi mmoja aliniandikia "there was an outbreak of happiness at my sister's wedding" na alikuwa hatanii. Nikamwambia dogo, umeandika kwamba wageni waliugua furaha.

HATUA YA 3: Andika na tamka sawasawa

Hii fupi. Ni neno moja, halina nafasi katikati wala kistari. Mkazo uko mwanzoni, AUT-breik. Hiyo "break" inatamkwa sawasawa kabisa na neno la Kingereza lililotupa breki ya gari, ila herufi ni tofauti, ya gari ni "brake". Watu wa Mbeya breki tunazijua sana kwa sababu ya malori yanayozikosa kwenye mteremko wa Iwambi, labda ndo maana naletewa "outbrake" kila mwezi. Kikagua tahajia kwenye simu saa nyingine kinaiacha hivyohivyo, usikiamini.

HATUA YA 4: Amua ni jina au ni kitendo

"Outbreak" ni jina la jambo. Kitendo chake kinageuka, kinakuwa maneno mawili, "break out", na wakati uliopita ni "broke out", na ukiweka have mbele ni "have broken out". Hakuna "outbreaked". Naomba nirudie kwa sababu hii naiona hadi kwenye ripoti za watu wenye digrii zao, hakuna "outbreaked", futa.

Kosa la pili ni la kutendwa. Watu wanaandika "the fire was broken out at night", nadhani kwa sababu wanahisi moto lazima uwe na mtu aliyeufanya. Lakini jaribu kwa Kiswahili, moto umezukwa? Hausemi. Moto wenyewe ndo unazuka. Basi na kwa Kingereza wenyewe ndo una-"break out". Soko la SIDO hapa Mwanjelwa liliungua 2017, jirani zangu wengine walipoteza mtaji wote kwenye moto ule, na nikiwaandikia barua za kuomba mkopo au msamaha wa marejesho naandika hivi, "In 2017 a fire broke out at the market and I lost all my stock", yaani moto ulizuka sokoni nikapoteza mzigo wangu wote. Maneno machache, afisa mkopo anaelewa.

Kuna na "fire outbreak", utaiona sana kwenye magazeti yetu ya Kingereza na ya Nigeria. Waafrika tunaelewana nayo vizuri. Muingereza yeye kwa kawaida anasema "a fire broke out" au "an outbreak of fire". Kama barua inaenda Dodoma acha yoyote, kama inaenda nje tumia kitenzi, ni salama zaidi. Na kwa ujumla ukiwa na wasiwasi tumia kitenzi, mi nimegundua kitenzi kinasamehe sana kuliko jina.

HATUA YA 5: Ugonjwa, na hapa tukae kidogo

Hapa ndo neno linapofanya kazi kubwa na hapa ndo watu wanapochanganya "outbreak", "epidemic", "pandemic" na "endemic" kama wanachanganya kande.

Chukua malaria. Kyela iko chini kabisa pembeni ya Ziwa Nyasa, karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, joto, maji, mpunga, mbu wapo mwaka mzima. Watu wa Kyela wakiumwa malaria Machi hakuna anayeshtuka, imezoeleka, ipo siku zote. Hiyo ni "endemic", na ukiandika "there is an outbreak of malaria in Kyela" kila mvua ikinyesha, daktari atakuuliza kwani mwaka jana mlikuwa hamuumwi? Sasa panda huku juu mpaka Makete, zaidi ya mita 2,000, baridi la kupasua midomo, mbu wa malaria wanapata tabu kuishi. Ikitokea mwezi mmoja watu thelathini wa kijiji kimoja Makete wamekutwa na malaria, na hawajasafiri popote, hawakwenda kuvuna mpunga wala nini, hiyo ni "outbreak" hata kama thelathini ni namba ambayo Kyela haiwashtui hata kidogo.

Umeona? Haihesabiwi kwa wingi peke yake. Inahesabiwa kwa kulinganisha na mlivyozoea mahali hapo na wakati huo. Idadi ikizidi kile kinachotegemewa ndo inaitwa hivyo. Na kwa magonjwa ambayo hayatakiwi kuwepo kabisa hata mgonjwa mmoja aliyethibitishwa anatosha watu wa afya kuanza kulitumia neno. Ugonjwa wa virusi vya Marburg ulipothibitishwa Kagera Machi 2023 ilikuwa watu wachache tu lakini hakuna aliyesubiri wafike mia, na Januari 2025 ikatangazwa tena hukohuko Kagera.

"Epidemic" ni kubwa zaidi, imetoka kwenye kijiji au mtaa imeshika eneo pana. "Pandemic" imeshika dunia, Shirika la Afya Duniani liliiita korona hivyo tarehe 11 Machi 2020, na kabla ya hapo mwishoni mwa 2019 ilikuwa "outbreak" ya mji mmoja wa Wuhan. Kwaiyo ni kama ngazi, na "outbreak" iko chini, ni neno la mahali. Ndo maana linapenda kuwa na "in" nyuma yake, ukiandika lazima useme wapi. Mfano unaosomwa sana vyuo vya afya ni wa London 1854, kipindupindu kilizuka mtaa wa Broad Street, daktari John Snow akafuatilia wagonjwa nyumba kwa nyumba akakuta wengi wamechota maji kwenye pampu moja, mkono wa pampu ukang'olewa. Wanauita "the Broad Street outbreak" mpaka leo, kwa jina la mtaa. Ingekuwa hapa kwetu tungesema ile ya Ilomba au ile ya Iyunga.

HATUA YA 6: Vita, ambapo maana inapinda kidogo

Hii wengi hawaijui na mi mwenyewe nilichelewa kuigundua.

Kwenye ugonjwa "outbreak" ni tukio zima, toka mgonjwa wa kwanza mpaka wa mwisho. Ile Marburg ya 2023 ilitangazwa Machi ikatangazwa kuisha Juni, na unaweza kusema "the outbreak ended in June", sawa kabisa. Ila kwenye vita neno linashika ule mwanzo tu, siku vita vinapozuka. "The outbreak of the First World War" ni mwaka 1914 basi. Ukiandika "the outbreak of the war lasted four years" umesema kuzuka kwenyewe kulichukua miaka minne, ambayo haina maana.

Kwaiyo kwenye vita inakuja na "the", na mara nyingi na "at" au "before" au "since" mbele yake. "At the outbreak of war in 1914, Tukuyu was called Neu Langenburg", yaani vita vinazuka 1914 Tukuyu ilikuwa inaitwa hivyo na Wajerumani. Au kwa wanafunzi wa historia, "the outbreak of the Maji Maji war in 1905", hapo unazungumzia Julai kule Umatumbi kabla haijafika kwa Wangoni wa Songea na Wabena wa Njombe. Na mapigano yenyewe ya siku moja yana jina lingine, Lugalo pale Iringa Agosti 1891 Mkwawa alipowapiga Wajerumani ile ni "battle", usiite "outbreak" hata kama ilianza ghafla, na Wajerumani wenyewe nadhani wangekubali kwamba ilikuwa ghafla.

Fujo na vurugu ziko katikati, "an outbreak of violence" inaweza kuwa tukio zima, inakuwa na "an" maana zinaweza kuzuka nyingi. Hapo sina la kuongeza.

HATUA YA 7: Wadudu na mifugo

Kwa sisi wa nyanda za juu hii ndo inayoleta wateja. Mdondo wa kuku ni "an outbreak of Newcastle disease", na ukiandika mdondo kwa Kingereza kama kudondoka hawatakuelewa. Viwavijeshi, wale wa zamani na hawa vamizi walioingia nchini 2017 wakatafuna mahindi, ni "an outbreak of armyworms", wadudu wanaruhusiwa kwa sababu wanazaana na kusambaa kama ugonjwa. Tembo kuingia shambani hapana, tembo hawazuki.

Na hapa niwape kitu kimoja ambacho kilinifurahisha. Wataalamu wa nzige wekundu wana msemo wao wa kazi, "outbreak area", yaani maeneo maalum ambako nzige wakizaliana sana ndo makundi yanapoanzia kabla ya kuvamia nchi zingine, na moja ya maeneo hayo ni bonde letu la Rukwa hapo chini ukishuka toka Chunya. Malagarasi na Wembere nayo yamo. Uvamizi mkubwa wa nzige wekundu uliopiga nusu ya Afrika toka 1930 hadi 1944 ulianzia kwenye sehemu kama hizo. Kwa hao wataalamu "outbreak" ni pale mwanzo kabisa nzige wakiwa bado wa sehemu moja, wakishavamia nchi na nchi neno linabadilika linakuwa "plague". Ngazi ileile ya magonjwa, kitu kidogo cha mahali, alafu kikubwa cha dunia.

HATUA YA 8: Watenge ndugu zake

Haraka haraka. Bosi akipiga kelele ghafla ofisini ni "outburst", ya mtu mmoja na hisia zake. Chunusi na vipele unasema "I broke out in a rash", yaani vipele vimenitoka, na jasho jembamba nalo ni "break out in a sweat". Mfungwa akitoroka ni "break out of prison", hiyo "of" ndo inayobadilisha mambo. Gari likifa njiani ni "breakdown", na mafanikio makubwa baada ya kuhangaika ni "breakthrough", ambalo wachungaji wetu wanalipenda sana. Kuna dada aliandika kwenye barua ya kazi anaomba "outbreak in my career". Alikuwa anataka "breakthrough". Nilimuuliza dada, unaomba kazi au unaomba karantini?

HATUA YA 9: Sasa andika

Hii hapa ndo barua niliyomwandikia tena yule mama, bure bila shaka. Alikuja na mwenzake wa kikundi, tukakaa watatu, safari hii nikamuuliza maswali kabla ya kugusa kibodi. Ugonjwa una jina? Bwana mifugo kasema homa ya nguruwe. Ulianza lini? Wiki ya pili ya Machi. Wamekufa wangapi kati ya wangapi? Kumi na nne kati ya thelathini na saba, akasema huku anahesabu kwa vidole kama anawaona. Watu wanaumwa? Hapana mwanangu, haushiki watu. Mnaweza kuuza waliobaki? Tumezuiwa, karantini, hata nyama haitoki kijijini. Nikaandika:

"We are writing to inform you of an outbreak of African swine fever in our village. The disease broke out in the second week of March, and so far we have lost 14 of our 37 pigs. The livestock officer has declared a quarantine to contain the outbreak, so we cannot sell or move any animals. The disease does not affect people. There is no treatment."

Angalia vizuri. Mstari wa kwanza jina, "an outbreak of", ikifuatiwa na jina la ugonjwa na "in" na mahali. Kuna "an" kwa sababu ndo mara ya kwanza kulitaja. Mstari wa pili kitenzi, "broke out", na tarehe. Mstari wa tatu neno limerudi na sasa lina "the" kwa sababu msomaji ameshalijua, na liko na "contain", kitenzi chake kipenzi, yaani kuzuia lisivuke mpaka. Vitenzi vingine vinavyoenda nalo ni "declare" yaani kutangaza, "report", "control", "prevent", na "investigate". "Stop" nayo sio mbaya. "Finish" usitumie, "we have finished the outbreak" inachekesha. Ule mstari wa watu hawaumwi niliuweka kwa makusudi kwa sababu ya lile swali la biogesi.

Nikawasomea kwa Kingereza alafu kwa Kiswahili, na kwenye Kiswahili sikusema mlipuko, nilisema ugonjwa umezuka. Mama akaitikia kwa kichwa, akasema ee, umezuka, ulikuwa haupo. Akanipa ndizi za kupika, kisha ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, wakaenda kuwahi gari la Tukuyu.

Jibu lilikuja wiki ileile. Mfadhili hakuuliza habari za majeruhi, aliuliza mabanda yakishapigwa dawa yatatakiwa kukaa matupu muda gani kabla ya kuingiza nguruwe wengine. Hilo ilibidi mama akamuulize bwana mifugo.